Kabla Hujamcheka Mturkana, Soma Kifungu cha 27



Tuanze na jambo unalolijua vizuri. Umeenda kuomba kitambulisho. Uliyekaa naye darasa moja amepeleka karatasi zake asubuhi na saa nne yuko nje anakunywa chai. Wewe umetazamwa jina, ukatazamwa kofia au mtandio, ukaambiwa lete cheti cha babu. Babu alizaliwa chini ya mti, cheti atoe wapi? Ukarudi nyumbani na ile hasira kooni. Hasira hiyo ndiyo iliyowaleta wengi wetu katika harakati hii.

Februari 2025, Rais Ruto alipokuwa Wajir akatangaza kwamba ule msasa wa watu wa kaskazini mashariki kwenye vitambulisho umekwisha, wengi wetu tulishangilia. Tulikuwa na haki ya kushangilia, ingawa tangazo la rais ni kitu kimoja na karani wa ofisini ni kitu kingine.

Sasa mwezi huo huo kulikuwa na kilio mahali pengine pa kaskazini. Je, ulikisikia? Mimi nilikuta vijana wetu wengi hawakukisikia kabisa.

Mahali penyewe panaitwa Todonyang. Iko juu kabisa, pembe ya kaskazini magharibi ya Ziwa Turkana, na Ethiopia ni pua na mdomo. Ukitoka Lodwar unapanda hadi Lokitaung halafu unateremka tena ziwani. Mkoloni alijenga ngome pale kulinda mpaka wake. Watu wa pale ni Waturkana, wafugaji na wavuvi, na upande wa pili wa mpaka wako Wadaasanach, wafugaji na wavuvi vile vile. Mwezi ule wavuvi wa Todonyang walishambuliwa ziwani. Wengine waliuawa, wengine wengi hawakuonekana tena. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mei 2011 watu zaidi ya 20 waliuawa eneo hilo hilo, na wengi kati yao walikuwa Waturkana.

Lakini sikuandika haya nikuhesabie maiti. Nataka tuangalie kinachofuata baada ya msiba, kwa sababu hapo ndipo linapoonekana jambo ambalo sisi wenyewe tumo ndani yake.

Chukua mfano wa mama ambaye mumewe hakurudi kutoka ziwani. Anajua mashua ilikuwa ya nani, ilitoka saa ngapi, milio ilisikika upande gani. Yote hayo anayajua kwa lugha moja tu, Kiturkana, au Ng'aturkana kama wanavyoiita wenyewe. Anakwenda kuandikisha taarifa. Askari aliyeko kituoni ametoka Kisii au Machakos, na lugha za kazi yake ni Kiingereza na Kiswahili. Basi anatafutwa kijana aliyefika darasa la saba, awe ndiye mkalimani. Mama anaeleza kwa dakika kumi. Kijana anasema kwa dakika mbili. Askari anaandika mistari minne. Kisha mama anashikwa kidole gumba, anakibonyeza kwenye wino, anakigandamiza chini ya maneno ambayo hawezi kuyasoma, na hata akisomewa hatayaelewa. Karatasi hiyo ndiyo itakayoitwa ushahidi wake.

Mturkana wa kijijini anakuwa raia kwa mdomo wa mtu mwingine. Hospitali ni hivyo, kwa chifu ni hivyo, kwenye mkutano wa mafuta ni hivyo. Mafuta yalipopatikana Turkana mwaka 2012, wazee waliitwa mikutanoni kutoa maoni, na nyaraka zenyewe za tathmini ya mazingira ni vitabu vizima vya Kiingereza. Mtu atatoa maoni gani juu ya kitabu alichosimuliwa kwa sentensi tano?

Kuna mtu atasema, ah, si wajifunze Kiswahili tu, kwani ni nani amewakataza? Hebu ngoja kidogo, ndugu yangu. Jibu la swali hilo lina historia, na historia hiyo ni yako pia.

Mkoloni alikuwa na sheria za kuzifunga wilaya za pembezoni, ya 1902 na ile ya 1934. Turkana ilifungwa. Mkoa wa Kaskazini wa Wasomali na Waborana ukafungwa. Mtu wa nje haingii bila kibali, wa ndani hatoki ovyo. Turkana ilionekana ni mahali pa kutupa watu mpaka Kenyatta mwenyewe, alipohukumiwa mwaka 1953, alipelekwa jela ya Lokitaung, kisha akahamishiwa Lodwar. Halafu uhuru ukaja, na mwaka 1965 serikali yake ikatoa Waraka Namba 10, ambao ulisema fedha za maendeleo ziende kwanza kule kwenye mvua na rutuba, ambako zitazaa haraka. Ardhi kavu ingojee. Garissa ikangoja, Lamu ikangoja, Lodwar ikangoja. Takwimu za serikali za 2015/16 zilionyesha karibu Waturkana 8 kati ya 10 wanaishi katika umaskini, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa kama 36 kwa 100. Mpaka leo mtu wa Lodwar akisafiri kwenda Kitale utamsikia akisema anaenda Kenya.

Kwa hiyo shule zilichelewa, walimu walitoka mbali, na mtoto wa Todonyang aliingia darasani akakuta mwalimu haelewi hata neno lake la kuomba maji. Tangu miaka ya 1970 sera ya elimu inasema mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Sera ni nzuri. Mwalimu asiyeijua hiyo lugha ataitekelezaje? Na hata kwenye mtaala huu mpya, ambao umeziweka lugha za asili kama somo, somo linahitaji kitabu na mwalimu. Kijana anayekuuliza kwa nini hawakujifunza Kiswahili anamlaumu aliyefungiwa nje kwamba hakuingia.

Sasa soma Katiba. Usisome kwa haraka. Kifungu cha 27, ibara ndogo ya 4, kinakataza serikali kumbagua mtu kwa misingi kadhaa, na kinaitaja. Humo mna dini. Mna imani. Mna mavazi. Mna lugha. Vyote viko katika sentensi moja. Kifungu tunachokishika mkononi kila msichana wetu anapofukuzwa shule kwa sababu ya hijabu ndicho hicho hicho kinachomlinda yule mama wa Todonyang na ulimi wake. Huwezi kukata sentensi nusu, ukachukua dini na mavazi, ukamwachia mwenyewe lugha.

Tena endelea mpaka ibara ya 5. Hiyo inasema hata mtu binafsi haruhusiwi kubagua kwa misingi ile ile. Maana yake mwenye duka, mwenye hoteli, mwenye gari la abiria. Maana yake mimi na wewe.

Kifungu cha 49 kinasema anayekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa. Cha 50 kinasema mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama apewe mkalimani bila malipo. Cha 7 kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za asili, na cha 56 kinaitaka iwe na mipango ya kuwasaidia walio wachache na waliotengwa wakuze lugha na utamaduni wao. Vijana wetu waliokamatwa usiku kwa tuhuma za ugaidi wanajua thamani ya Kifungu cha 49 kuliko profesa yeyote wa sheria. Sasa fikiria umekamatwa hivyo, na hujui hata kama unachoambiwa ni swali au ni tusi.

Hapa tuongee kama watu wa nyumba moja, maana la ndani ni chungu zaidi.

Lodwar na Kakuma Waislamu tupo. Si wengi, lakini tupo, na tupo mahali pa nguvu: kwenye maduka, kwenye malori, kwenye hoteli za njiani, kwenye biashara ya mbuzi, na Kakuma tupo kwa maelfu kambini tangu ilipofunguliwa 1992. Kwa hiyo katika miji ile sisi ndio tunaokaa nyuma ya kaunta. Mturkana ndiye anayesimama mbele yake. Na wewe unayesoma, ikiwa umewahi kukaa kule, unajua tunavyomjibu. Unajua lile cheko Kiswahili chake kinapokosa ngeli. Unajua jinsi neno "Mturkana" linavyotumiwa mjini kama tusi la kumwambia mtu ni mshamba, na jinsi watani wetu wa Mombasa na Eastleigh wanavyolirudia bila hata kufikiri. Wallahi tunakasirika mtu akisema "hawa Waislamu", halafu jioni sisi wenyewe tunasema "hawa Waturkana".

Kiswahili chetu hiki tunachokipenda, tunachojivunia kwamba kilizaliwa pwani mikononi mwa Waislamu, kule juu kinafanya kazi ya mlango. Anayekijua anaingia, asiyekijua anabaki barazani. Si kosa la lugha. Lakini tusijidanganye kwamba kila mahali Kiswahili kimekwenda kama lugha ya mnyonge.

Kuna kichekesho kimoja kuhusu Kakuma. Wazungu wamekiandika mara nyingi kwenye magazeti na vitabu vyao, kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili na maana yake ni mahali pasipo kitu. Wewe Mswahili, umewahi kulisikia neno hilo? Hakuna. Mtu alilibuni, mwingine akalinakili, na kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza Mswahili, seuze kumuuliza Mturkana ambaye mji ni wake. Ndivyo lugha ya asiye na sauti inavyofanywa. Hata jina la nyumba yake linafasiriwa na mgeni, tena linafasiriwa kuwa "si kitu". Ziwa lenyewe Mzungu aliliita Rudolf mwaka 1888 kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria, likakaa na jina hilo mpaka 1975.

Ukidhani haya ni mambo ya watu wa mbali wasiotuhusu kwa dini, shuka nami Lamu. Waaweer, wale tuliozoea kuwaita Waboni, ni Waislamu. Ni watu wa msitu, wa asali na uwindaji, na wana lugha yao. Msitu wao ulipofanywa uwanja wa operesheni ya usalama mwaka 2015, waliozuiwa kuingia kutafuta asali ni wao. Jirani zao Wadahalo wana lugha yenye sauti za mibofyo kama zile za Wahadzabe, na wanaoizungumza leo ni wachache mno. Watoto wao wanazungumza nini? Kiswahili. Wale tunaoswali nao safu moja, lugha yao inamezwa na yetu, na sijapata kusikia hotuba ya Ijumaa hata moja iliyosikitika. Rudi kwenye Ziwa Turkana, upande wa kusini mashariki, utawakuta Waelmolo. Lugha yao imekwisha kabisa, wanazungumza Kisamburu. Ilikufa kidogo kidogo, mtoto mmoja mmoja akiona aibu kujibu kwa lugha ya mama yake mbele ya wenzake.

Na dini yetu inasemaje? Katika Surat Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu anahesabu ishara zake, na baada ya kutaja kuumbwa mbingu na ardhi anataja kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu. Lugha zimewekwa katika orodha moja na mbingu. Hakusema lugha ya Kiarabu peke yake. Na katika Surat Ibrahim, aya ya 4, tunaambiwa kwamba hakutumwa Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Zingatia mpangilio: anayepeleka ujumbe ndiye anayebeba mzigo wa lugha, si anayepelekewa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipohitaji kuwasiliana na Mayahudi hakuwaambia wajifunze Kiarabu kwanza. Alimwambia kijana, Zayd bin Thabit, ajifunze maandishi yao, na Zayd akajifunza kwa muda mfupi wa kushangaza. Alikuwa kijana kama wewe.

Sasa jipime. Wakatoliki wa Lodwar wana redio inayozungumza Kiturkana, Akicha, maana yake nuru. Biblia nzima iko kwa Kiturkana. Padri Anthony Barrett alitunga kamusi yake. Sarufi ya Kiturkana iliandikwa na Mholanzi, Gerrit Dimmendaal, na ikachapwa 1983. Sisi tumefanya biashara Lodwar tangu enzi za mkoloni, vizazi na vizazi. Tumeandika nini? Wangapi kati yetu tunaweza hata kumsalimia mteja "ejoka" na kumshukuru "alakara"? Nasema hivi bila kuwaonea wivu wenzetu, heko yao. Nasema kwa sababu ya aibu.

Ndugu mmoja aliniambia, lakini hao si wanauana wenyewe kwa wenyewe na Wadaasanach, sisi tunaingilia nini? Hapana. Mdaasanach naye ni mtu wa asili aliyesukumwa pembeni, tena wengine ni Wakenya, wako Ileret upande wa Marsabit, na lugha yao inasikika ofisini kidogo kuliko hata Kiturkana. Mto Omo, ambao ndio unaolijaza ziwa, ulifungwa kwa bwawa la Gibe III lililozinduliwa Desemba 2016, na mashamba makubwa ya miwa yakalimwa bondeni. Malisho na samaki vikipungua, watu wawili maskini wanagombania kilichobaki, tena siku hizi kwa bunduki. Aliyeua anastahili kushtakiwa, awe wa upande wowote. Lakini ukimsikia mtu anasema kabila zima ni wauaji, kumbuka umesikia wapi tena maneno ya namna hiyo, na yalikuwa yanamhusu nani.

Tufanye nini basi? Sitakudai uende Todonyang. Usalama wenyewe ni mgogoro na nauli ni ghali. Nakudai mambo yaliyo karibu na mkono wako.

Ukiwa na duka au kibanda Lodwar, Kakuma, Lokichoggio au Lokori, jifunze hesabu kwa Kiturkana, moja hadi mia, na majina ya vitu unavyouza. Mtu akihesabiwa chenji kwa lugha yake hapunjwi kirahisi, na wewe mizani yako mbele ya Mola wako inakuwa nyepesi kujibiwa. Ukiwa mwanafunzi wa sheria, nenda ukakae mahakamani siku moja tu, uandike ni kesi ngapi zimesikizwa, na katika ngapi mkalimani alikuwa mtu wa kweli, si askari au mshtakiwa mwenzake aliyeombwa asaidie. Daftari moja la namna hiyo lina nguvu kuliko maandamano matatu. Ukiwa imamu au unamjua imamu, mwombe dakika tano baada ya swala ya Ijumaa hotuba ifupishwe kwa Kiturkana, maana wako Waturkana waliosilimu ambao kila wiki wanakaa mwisho wa safu wakisikiliza sauti tu. Hilo si la serikali. Hilo ni letu na halihitaji bajeti.

Na ukiwa Mombasa au Nairobi na huna la kufanya kule, basi acha lile cheko. Mtu akilianza kwenye kikundi chenu cha WhatsApp, mtumie Kifungu cha 27, chote.

Kwa upande wetu tunaanza na jambo dogo. Tunataka Kifungu cha 49 na cha 50 visikike kwa Kiturkana, vifupi, kwa sauti, si kwa maandishi, kwa sababu wengi wanaovihitaji hawasomi lakini simu wanazo. Tukimaliza hivyo tutatafuta sauti za Kidaasanach na Kiaweer. Ikiwa wewe ni mzungumzaji wa Kiturkana, Mwislamu au si Mwislamu, na una dakika ishirini, tuandikie kwenye ukurasa huu. Usitume tafsiri ya neno kwa neno. Tuambie kwanza mama yako angemwelezaje mtoto wake kwamba ana haki ya kunyamaza.